Maji ya Ngamia

Gari kuukuu la porini halili pesa kwa mkupuo. Linakumega. Leo bushi, kesho shokapu, keshokutwa oili inadondoka kwenye difu na kuchora ramani ya bara zima chini ya banda. Ukiweka shokapu mpya, springi za zamani zinaanza kulalamika, kama wapangaji waliosikia jirani kapakiwa rangi chumba chake. Mimi nina stashahada ya ugavi na ninatunza stoo ya hospitali. Kazi yangu ni kujua kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Lile gari lilikuwa stoo isiyojaa.

Mume wangu aliliita Ngamia. Alilinunua wakati binti yetu bado anatambaa, likiwa tayari limetembea kilomita za kutosha kuizunguka dunia, na akaniapia kwamba gari la namna hiyo halina madai. "Ngamia hanywi maji kila siku," alisema. Mume wangu ni kinyozi. Watu hukaa kwenye kiti chake na kukubali kila anachosema kwa sababu yeye ndiye mwenye wembe. Mimi sikuwa kwenye kiti.

Nilinyamaza kwa sababu moja tu: tunakaa juu ya kilima. Barabara yetu ni ya udongo mwekundu, ina kona kali, na mvua ikinyesha gari dogo hufika kona ya kwanza, likageuka lenyewe na kurudi lilikotoka. Na tunaishi na mama mkwe wangu. Miguu yake imechoka. Kutoka kitandani hadi mezani anahitaji bega la mtu. Kila mwezi ana kliniki huko chini mjini, na wa kumshusha na kumpandisha ni Ngamia peke yake.

Mwaka huu ulianza vibaya. Krosi ya propela ilikatika, alternata ikaungua, kisha bearing ya gurudumu la mbele ikaanza kulia kama mbuzi aliyefungiwa. Jioni moja nikawakalisha wote mezani.

"Nasema mara moja," nikasema. "Fundi akitaja tena bei inayozidi mshahara wangu wa mwezi, gari linauzwa. Yule muuza kokoto ameshaliulizia. Nimeweka akiba kidogo, nitaongezea ninunue gari dogo, la kistaarabu, linalokunywa mafuta kama binadamu."

"Na kilima?" mume wangu akauliza.

"Tutapanda kwa miguu. Tuna miguu."

Neno lilishatoka. Binti yetu akaangalia sahani yake. Mume wangu akaangalia dari. Aliyecheka ni mama mkwe.

"Wenye miguu watapanda," akasema. "Mimi nitahamia kwa mdogo wa mumeo huko mjini. Sitaki kubebwa mgongoni kama gunia la mkaa."

Nilidhani ni utani. Kesho yake nilipopeleka mashuka chumbani kwake nikaona begi lake limesimama miguuni pa kitanda, limefungwa zipu.

"Mama, begi la nini hili?"

"Linapumzika," akajibu.

Sikulala vizuri, lakini sikubadili neno. Hesabu ni hesabu.

Basi, ajabu ikatokea: Ngamia akatulia. Wiki zikapita, mwezi ukaisha, mwingine ukaingia, hakuna aliyelalamika juu ya gari. Hakuna "mama watoto, kuna kitu kinagonga." Hakuna fundi. Nikaamini sheria yangu imelitisha hata lenyewe. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniudhi. Kila asubuhi nilipotoka kufagia uwanja nilikuta michirizi kwenye vumbi, imetoka upande wa nyuma wa nyumba ikaenda mpaka bandani kwa gari, kisha ikarudi.

"Ukichota maji nyanyua ndoo," nikamwambia binti yetu. "Usiiburute, inatoboka."

"Sijaburuta ndoo, mama."

"Basi ndoo imeota miguu."

Akachukua chupa yake ya maji, akaenda shule. Nikafagia, nikaenda kazini.

Siku ya kliniki niliendesha mimi, mume wangu alikuwa na wateja. Tulikuwa tunarudi, mama mkwe amekaa mbele na mkoba wake wa dawa mapajani, mawingu yameshuka mpaka yanagusa kilima. Tulipoanza kupanda tu, mvua ikaachia. Nikaingiza gia ya nguvu, magurudumu yote manne yakashika, tukaanza kutambaa. Hapo ndipo nikaona mshale wa joto. Kwa kawaida hukaa katikati kama mtu aliyeshiba. Siku hiyo ulikuwa umesimama.

"Kinanuka nini?" mama mkwe akauliza.

"Breki za lori lililopita," nikasema. Hakuna lori lililokuwa limepita.

Mshale ukaingia kwenye wekundu. Nikatazama kioo cha nyuma, nikaona moshi mweupe, mzito, unajaza barabara nyuma yetu mpaka kona niliyotoka ikapotea. Kila mwenye akili anajua injini ikichemka unasimama, unazima. Lakini ningesimama wapi? Kushoto ukuta wa udongo, kulia bonde, chini yangu matope yanayoteleza kama sabuni iliyolowa, na ndani mama wa watu asiyeweza kutembea hatua kumi. Ningesimama pale, tungeanza kurudi kinyumenyume.

"Usisimame," mama mkwe akasema. Hakuwa amegeuka hata kuangalia moshi. "Bado lina pumzi."

Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwenye chuma. Injini ilikuwa inakohoa upande mmoja na kuvuta upande mwingine, kama watu wabebao jeneza na mmoja wao amejikwaa. Usukani ulitetemeka mpaka viwiko vikaniuma. Sikukanyaga mafuta zaidi, sikupunguza. Niliongea nalo. Mimi, mtu wa stoo, niliongea na gari: twende, twende baba, kona moja, hii hapa, nyingine. Likapanda. Likapita kona ya mwisho, likapita geti, likaingia bandani kwake, likafika mahali ambapo mafuta yake yamechora ramani, na hapo hapo likazimika lenyewe. Sikugusa ufunguo.

Mvua ilikuwa inapiga mabati, mvuke ukipanda mbele ya kioo.

"Limetufikisha," mama mkwe akasema.

Nikashuka, nikaweka kiganja juu ya boneti nikakiondoa haraka. Nimefanya kazi na mashine za hospitali zenye dhamana na vitabu vya maelekezo, na zimewahi kugoma kwa sababu umeme ulipepesa. Hili lilikuwa linakufa tangu kona ya kwanza, na likaahirisha mpaka tufike nyumbani.

Kulivuta kurudi mjini kungegharimu kama kulinunua upya, kwa hiyo fundi akaja kwetu, mzigo wa vifaa vyake nyuma ya pikipiki. Ni mtu mrefu, mpole wa maneno, mkali wa bei. Alifungua siku nzima. Familia yote ilikaa uwanjani kama watu waliopeleka mgonjwa chumba cha upasuaji. Mama mkwe kwenye kiti chake cha mkono karibu na banda, ameshika kikombe chake cha plastiki cha kijani ambacho hakiachi. Mchana, fundi na mume wangu wakashika kichwa cha injini pande mbili, wakahesabu, wakakinyanyua.

Sikuwahi kuona ndani ya injini. Nilitegemea uchafu. Kulikuwa na uchafu, masizi meusi kama chini ya sufuria, lakini kulikuwa na mpangilio pia: mashimo ya duara yaliyochongwa sawasawa kuliko kitu chochote nyumbani kwangu, njia za maji, njia za mafuta, kila moja inajua inakokwenda. Nikainama nikasahau nimekuja kukasirika.

"Gasketi imeungua hapa," fundi akasema, akionyesha ile karatasi ngumu inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Palikuwa na mwanya mweusi kama jino lililong'oka. "Na kichwa kina ufa. Ona." Akapitisha kitambaa chenye mafuta, nikaona mstari mwembamba kama unywele. "Sasa tazameni hizi pistoni."

Zote zilikuwa nyeusi isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

"Hiyo ndiyo nzima?" binti yetu akauliza.

"Hiyo ndiyo mgonjwa. Imeoshwa. Maji yamekuwa yanaingia humu, yanageuka mvuke, yanaisugua kila siku. Hii si kazi ya juzi. Ni miezi." Akanyoosha mgongo. "Hili gari lilitakiwa lisimame zamani. Sielewi lilikuwa linatembea kwa maji gani. Bosi, si uliniambia linapunguza kikombe kimoja tu?"

Bosi ni mume wangu. Akajikuna shingo.

"Uliniambia lini linapunguza maji?" nikamuuliza.

"Sikukuambia wewe. Nilimwambia yeye, alipokuja kwenye bearing. Nilikuwa naongeza kikombe kila jioni nikirudi. Kikombe tu, mama watoto! Akakaza bandi ya mpira wa rejeta, akasema kikombe si kitu."

"Kikombe si kitu," fundi akakubali. "Lakini kikombe hakiwezi kuosha pistoni hivi na gari likaendelea kwenda. Lingekauka wiki ya kwanza."

Hapo akili yangu ya stoo ikaamka. Kilichotoka ni kingi kuliko kilichoingia. Hilo haliwezekani. Maana yake kuna kilichoingia ambacho hakijatajwa. Nikageuka polepole.

Binti yetu alikuwa anachezea kifuniko cha chupa yake ya maji ya shule.

"Na wewe?"

"Mama, usinifokee."

"Sijafoka bado."

"Nilikuwa naongeza asubuhi kabla ya shule. Chupa hii. Niliona maji yamepungua, nikajua baba akiona atamwita fundi, fundi atataja bei, na wewe..." Akamtazama bibi yake. "Umeliona lile begi."

Mume wangu akamtazama mtoto kama ndiyo kwanza anamwona. "Na mimi nilikuwa nasema, kumbe linapunguza kidogo tu!"

"Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, baba!"

Fundi akaanza kucheka, akazuia kicheko kwa kitambaa cha mafuta, akajipaka masharubu. "Jioni anakunywa, asubuhi anakunywa. Huyu ngamia wenu alikuwa hotelini."

"Bado haitoshi," nikasema.

Kwa sababu haikutosha. Kikombe na chupa, nilivipima kwa macho, na nikatazama ile pistoni ilivyong'aa. Na nikiwa bado nimeinama nikaiona ile michirizi. Siku hiyo sikuwa nimefagia. Mvua ilikuwa imekatika, uwanja umekauka ukawa laini kama unga, na michirizi ilikuwa wazi kabisa: minne, ya kina, miwili miwili, inaenda sambamba. Ndoo haichori michirizi minne. Nikaifuata. Niliwaacha wanabishana, nikaifuata kutoka bandani, ikapita kando ya karo, ikazunguka kona ya jiko, ikapanda kizingiti kidogo ambapo mimi mwenyewe hujikwaa, ikafika kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe. Nyuma ya mlango palikuwa na stuli ya plastiki ya kuogea. Nikaipindua. Ncha za miguu yake zilikuwa zimelika upande mmoja, kama visigino vya kiatu cha mtu wa safari.

Nikarudi na stuli mkononi.

"Mama," nikasema.

Mama mkwe alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake cha kijani.

"Alfajiri," akasema. "Hata leo nilikwenda kulijulia hali. Nyie mnapenda kulala."

"Unatembeaje?"

"Naisukuma mbele, naegemea, naifuata. Nikichoka nakaa. Ndiyo uzuri wa stuli kuliko mtu. Mtu huwezi kumkalia." Akamkonyeza mjukuu wake. "Si ndiyo, mke mwenzangu?"

"Na boneti, bibi?" binti yetu akauliza. "Boneti unaifunguaje?"

Ile boneti ni ya bati la zamani. Mimi huifungua kwa kuguna.

"Miguu ndiyo imestaafu," mama mkwe akasema. "Mikono bado iko kazini."

Mume wangu alikaa chini, palepale kwenye vumbi, karibu na kichwa cha injini. Nami nilisimama na stuli ile nikijaribu kuiona picha: giza linaanza kupasuka, mama huyu ambaye mchana mimi namshika mkono kutoka kitandani hadi mezani, anavuka uwanja mzima peke yake, kikombe kimejaa, anasukuma, anaegemea, anapumzika, anasukuma. Kila siku. Na mimi saa moja baadaye natoka na ufagio na kufuta nyayo zake huku nimenuna.

"Kikombe kimoja?" nikauliza. Ilibidi niulize. Ni kazi yangu.

"Wakati mwingine nilirudi kujaza."

Fundi aliacha kucheka. Alifuta mikono, akamwinamia mama mkwe kidogo, kama watu wanavyofanya msibani au harusini. "Mama, kama si wewe hili gari lingekauka kitambo."

"Na kama si mimi lingetibiwa kitambo," akajibu. "Msinisifu. Tulikuwa watu watatu tunamficha mgonjwa."

Hapo simu yangu ikaita. Muuza kokoto. Alikuwa amesikia, maana kilimani habari hushuka haraka kuliko maji. Alisema anachukua bodi na ekseli, anakuja na winchi yake mwenyewe, tena leo hii, na akataja pesa. Hazikuwa pesa mbaya.

"Subiri," nikamwambia, nikamgeukia fundi. "Bei."

Akakohoa. Kichwa kilichotumika lakini kizima, kwa sababu kuchomelea ufa ni kamari. Gasketi mpya. Rejeta ifunguliwe isuguliwe, imejaa kutu na matope ya maji ya bomba. Thamostati. Mipira. Oili. Ufundi. Akajumlisha kwa sauti ya chini, kama daktari. Ilizidi mshahara wangu. Ilizidi sana. Ilifika mpaka kwenye akiba ya gari dogo na kuimeza yote, na mkia ukabaki nje.

Wote walikuwa wananitazama, isipokuwa mama mkwe. Yeye alikuwa anatazama barabara, pale inapoingia getini.

"Mama," nikasema, "kwa mdogo wa mume wangu huko mjini kuna nini kibaya? Kuna lifti. Kuna hospitali mlango wa pili."

"Hakuna kibaya. Watoto wazuri. Wananipenda." Akageuza kikombe mkononi. "Kule nitakaa dirishani kama sufuria iliyopinduliwa. Hapa kila asubuhi nasikia unagombana na ufagio, najua nipo. Lakini hesabu ni zako, mke wa mwanangu. Sitakulaumu. Begi limeshafungwa."

Nikainua simu. "Haliuzwi," nikasema.

"Shemeji, nimesikia limekufa kabisa!"

"Limekufa, ndiyo. Haliuzwi." Nikakata.

Mume wangu akanitazama kwa tahadhari, kama mteja anayeogopa kuuliza kama sikio bado lipo. "Na ile sheria?"

"Sheria niliitunga mimi na bunge ni mimi. Nyanyuka kwenye vumbi." Nikamrudishia mama mkwe stuli yake. "Na kuanzia leo maji ya gari hili anaongeza mtu mmoja, naye ni mimi. Nikimkuta mwingine na kikombe, atakunywa yeye mwenyewe."

Kile kichwa kilipatikana baada ya siku nyingi za kusubiri na simu nyingi za kugombana. Siku kilipofungwa, fundi alizungusha ufunguo, injini ikakohoa mara moja ikashika, na moshi ulikuwa mwembamba, wa kawaida, wa gari zee lenye afya. Tukampeleka mama mkwe kliniki, tukarudi, mvua ikinyesha ileile. Nilipanda kilima nikitazama mshale zaidi kuliko barabara. Ulikaa katikati. Kona kwa kona, umekaa tu. Mama mkwe alisinzia njia nzima.

Sijanunua gari dogo. Sitanunua karibuni. Shokapu za nyuma zimeanza tena, nazisikia.

Asubuhi baada ya safari ile ya kliniki niliamka mapema kuliko kawaida, nikasikia plastiki ikikwaruza ardhi. Nikafungua mlango wa jiko, nikasimama kizingitini na ufagio. Alikuwa ameshafika bandani. Aliiacha stuli, akashika bampa, akajivuta, kisha kwa mikono miwili akainua ile boneti juu, akaiegemeza kwenye kile chuma chake cha kuishikilia. Hakuguna. Akainamia chupa ya akiba ya maji, akaitazama kwa muda mrefu. Najua alichokiona, maana nilikuwa nimepima usiku: maji yalikuwa kwenye mstari. Hayakuwa yameshuka hata kidogo.

Akabaki amesimama na kikombe chake kimejaa, hana pa kukimimina.

Halafu akayanywa mwenyewe, taratibu, yote, akakung'uta kikombe.

"Mke wa mwanangu," akasema bila kugeuka, "njoo ufunge boneti basi, au umekuja kutazama sinema?"

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikapita kando ya ile michirizi bila kuikanyaga, nikaenda nikafunga. Kwa kuguna.